Swali la mtoto aliyetoka Lwiro

Juma lililopita tulisindikiza watoto wa darasa la nne kwenda Lwiro, karibu kilometa 45 kutoka Bukavu, kuangalia sokomutu. Tangu mwaka 2002, kituo kile kinapokea sokomutu na tumbili walionyang'anywa watu waliokuwa wakiwauza au kuwafunga nyumbani. Barabara ninyi wenyewe mnaijua. Wawili walitapika, na vitenge vyetu ndivyo vilivyofanya kazi.

Mama mmoja alitukasirikia asubuhi ile kwa kuwa tulimrudisha mtoto wake aliyekuwa akikohoa, na franka zilikuwa zimekwisha kulipwa. Tunamwelewa. Lakini sokomutu anaambukizwa magonjwa yetu, na mafua ambayo kwetu yanapona kwa siku tatu yanaweza kumwua. Franka zake tumemrudishia kutoka sanduku letu.

Pale Lwiro watoto walicheka sana: huyu anajikuna, yule anamnyang'anya mwenziwe ndizi. Kisha mlezi akawaeleza namna mtoto wa sokomutu anavyokamatwa. Ananyonya miaka minne, hata mitano, na mama yake hakubali kumwachilia mtu. Kwa hiyo mwindaji anamwua mama kwanza. Nyama inakwenda sokoni, mtoto anatiwa katika kikapu, anatafutiwa mnunuzi. Wale wadogo wanaofika kituoni wanapewa maziwa kwa chupa, wanabebwa kifuani kama wa kwetu. Hakuna mtoto aliyecheka tena. Na sisi wakubwa tuliangalia chini.

Sasa, mwenzetu mmoja (ametuomba tuandike bila jina lake) ana tumbili mdogo amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Alimnunua njiani ili watoto wafurahi. Jioni ile kijana wake aliporudi hakula. Alimwuliza: "Mama, walipomkamata huyu, mama yake alikuwa wapi?" Mama akamwambia alale. Kesho yake akauliza tena.

Alileta jambo hilo katika mkutano wetu wa Jumatano, na tulibishana mpaka giza. Mmoja alisema amwachilie porini. Tukakataa, maana aliyelelewa kwa bugali hajui kujitafutia, na mbwa watamwahi. Mwingine alisema amwuze apate kurudisha dola zake. Hapo palikuwa na kelele! Akimwuza, kamba inabadilisha mikono tu, na yule muuzaji wa njiani ataenda kutafuta mwingine. Yeye mwenyewe anaogopa wakubwa wa hifadhi watamwuliza alimtoa wapi. Woga huo si wa bure, sheria inalinda wanyama wengi wa pori. Lakini kumpeleka mwenyewe ni afadhali kuliko kungoja waje kumkamata naye nyumbani.

Ijumaa atampeleka kwao, na wawili wetu tutakwenda naye, asiingie peke yake. Kijana amesema naye anakuja, hata kama ni siku ya masomo. Mwalimu amekubali.