Gari Likigonga Chini, Tusinyamaze

Ndugu mwananchi, pikapu yako ina umri gani? Nyingi tulizonazo zimevuka miaka 20 zikibeba saruji, mahindi na wagonjwa wa usiku. Zimetusomeshea watoto. Nasi tunazitunza: oili tunabadilisha, maji ya rejeta tunaangalia. Lakini mara ya mwisho kuinama na kutazama bushi za wishiboni ilikuwa lini?

Wishiboni ni ule mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu la mbele na chesisi. Pale unapofungwa kwenye chesisi ndipo inapokaa bushi. Mara nyingi ni bomba dogo la chuma ndani, bomba jingine nje, na mpira katikati ulioshikamana na yote mawili. Gurudumu likipanda tuta, mpira unajisokota kidogo, likishuka, unajirudi. Hiyo ndiyo kazi yake mchana kutwa.

Utajuaje kwamba mpira umechoka? Ukipita kwenye shimo, gari linagonga chini. Ukikanyaga breki, linavuta upande. Tairi inaliwa ukingo mmoja huku ukingo mwingine bado mzima. Mulika tochi: utaona mpira umepasuka, au bomba la ndani limehamia pembeni.

Dereva, ukisikia mlio huo wa kugonga mwambie tajiri siku hiyo hiyo. Tajiri, dereva akikuambia, msikilize. Anakulindia mali na maisha ya watu. Na wewe mama unayekaa kiti cha mbele, masikio unayo pia. Tukumbushane.

Sasa tumefika gereji, na hapa naomba tukae kidogo. Mimi nilibadilisha bushi za pikapu yangu, spea nzuri kabisa, na baada ya miezi michache mlio ukarudi. Nikadhani nimeuziwa feki. Kumbe bushi zilikuwa halisi. Tatizo ni kwamba bolti zilikazwa wakati gari lipo juu ya jeki na magurudumu yananing'inia.

Kwa nini hilo ni tatizo? Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa palepale lilipo, na mpira unahesabu hali hiyo kuwa ndiyo mapumziko yake. Gari likishushwa, wishiboni inapanda na mpira unasokotwa. Unabaki umesokotwa hivyo hata gari limelala nyumbani, na kila shimo linazidi kuusokota. Hauwezi kudumu.

Dawa yake haina gharama. Bolti zikazwe kwa mkono tu, magurudumu yarudishwe, gari lishuke lisimame kwa uzito wake, lisogezwe mbele na nyuma kidogo, ndipo spana ifanye kazi ya mwisho. Gereji yenye shimo la kuingilia chini hurahisisha jambo hili. Fundi wangu mpendwa, unaweza kumfanyia hivyo kila mteja kuanzia kesho? (Zile bushi ngumu za plastiki zenyewe huzunguka kwa grisi, na mambo yake ni tofauti.)

Mengine ni ya kukumbushana tu. Bushi ya mpira ikigoma kuingia, ipake maji ya sabuni, si oili, maana oili huozesha mpira. Itolewe na kuingizwa kwa presi, isipigwe nyundo hadi bomba lipinde. Kabla ya kufungua bolti za kurekebishia pembe ya tairi, zikwaruzwe alama. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, kisha gari liende kwenye alaimenti kabla tairi hazijaanza kuliwa upya.

Jambo moja, hata hivyo, silipiti haraka. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara. Na springi ina nguvu nyingi ndani yake, iwe ya koili au ile ya fimbo ndefu ya chuma. Ilegezwe kwa utaratibu wake kabla wishiboni haijafunguliwa. Kijana anayejifunza kazi pale gereji ni mtoto wetu sote. Nani atamwonyesha hayo kama si sisi wakubwa?

Jumamosi hii basi, kabla ya kupakia mzigo, chukua tochi uiname chini ya pikapu yako. Ukikuta mpira umepasuka, usisubiri safari nyingine.