Mteja Hapatikani: Soko la Ghorofa na Kauli ya Mnunuzi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lau wangalifufuka leo na kushuka katika kituo cha matatu cha Muthurwa, jijini Nairobi, mwendo wa saa kumi na mbili jioni, hapana shaka wangaliitazama methali yao kwa jicho jingine. Wangaliona nyanya nzuri na sukuma wiki mbichi zikijitembeza kando ya barabara, mwuzaji akichungulia huku na huko asije akanaswa na askari wa kanjo. Kisha wangaliambiwa kwamba jiji hilo hilo limekuwa likijengewa masoko ya kisasa, yenye paa, sakafu ya saruji na ngazi za kupandia orofa za juu, na kwamba huko juu bidhaa nzuri vilevile huweza kukaa kutwa nzima bila kujiuza. Swali ambalo wangaliuliza ni lile ambalo wapangaji wa miji hawajapenda kuliuliza: mnunuzi anasemaje?

Mjadala kuhusu masoko mapya nchini Kenya umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa pande mbili tu. Upande mmoja ipo serikali, iwe ya kitaifa au ya kaunti. Upande wa pili wapo wachuuzi. Wakuu huhesabu vibanda walivyojenga, wachuuzi huvigombania, orodha za majina hupingwa, na magazeti huandika habari za ugawaji. Mnunuzi, ambaye bila yeye soko ni bohari, hutajwa mwishoni, na hutajwa kama mtu ambaye atafuata tu bidhaa ziendako. Dhana hiyo ya kwamba mnunuzi hufuata ndiyo chanzo cha hasara nyingi.

Lugha yenyewe ina ushahidi wake. Neno mteja, kabla ya kuzoeleka kwa maana ya mnunuzi, lilimhusu mtu aliyemwendea mganga: anayeugua na kusubiri kuelekezwa. Mshitiri, neno kongwe la mwambao lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja mtu kwa kitendo chake cha kununua. Mshitiri amekwisha kufifia katika Kiswahili cha bara. Aliyebaki ni mteja, na wapangaji wa masoko huelekea kumchukulia kwa maana ile ya awali, yaani mgonjwa wa kuandikiwa dawa. Ila Wakenya wameongeza maana yao. Tangu simu za mkononi zilipoenea, na ile sauti ya kuwaarifu wapigao kuwa mteja hapatikani ikazoeleka masikioni, mtu aliyezima simu husemwa kuwa amekuwa mteja. Maana hii ya utani ndiyo inayofaa zaidi kueleza yanayotokea katika orofa ya pili ya soko jipya.

Mfano wa Muthurwa wafaa kukumbukwa. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 2008 katika ardhi iliyokuwa ya mtaa wa wafanyakazi wa reli, jirani na Soko la Wakulima ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti. Nia ilikuwa kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji. Wengi walihamia huko, wakakaa kidogo, kisha wakarejea barabarani wakilalama kuwa wateja hawaji. Wapo walioliona jambo hilo kuwa ukaidi mtupu. Hata hivyo, Muthurwa ya baadaye ilifurika watu, na sababu yake haihitaji utafiti wa miaka mingi: kituo cha matatu za Eastlands kiko papo hapo. Mnunuzi hakulifuata soko. Soko lilijikuta mahali ambapo miguu yake ingalipita hata kama soko lisingalikuwapo.

Majengo yaliyofuata yalipanda juu. Ardhi ya Nairobi ni ghali, na msanifu aliyepewa kiwanja kidogo na idadi kubwa ya vibanda hana budi kuongeza orofa. Ndivyo lilivyosimamishwa upya soko la Mwariro karibu na Kariokor. (Kariokor yenyewe, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ilirithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, jina lafaa, maana mnunuzi wa Nairobi hadi leo ni mpagazi wa mizigo yake mwenyewe.) Kimahesabu, orofa ni jibu zuri. Kinachosahaulika ni kwamba vibanda huhesabiwa kwa idadi, ilhali mnunuzi huhesabu hatua.

Wanunuzi wanapoyazungumzia masoko haya, ndani ya matatu au kwenye foleni ya maji, hawayabezi moja kwa moja. Aliyewahi kuingia Gikomba mwezi wa Aprili, akiinua sketi kwa mkono mmoja na kushika kikapu kwa mkono mwingine, hahitaji kuhubiriwa faida ya sakafu ya saruji. Choo chenye maji ni neema, hasa kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kubwa zaidi ni moto. Gikomba imeungua mara nyingi hata watu wamechoka kuhesabu; moto wa Juni 2018 uliwaua watu wapatao 15. Anayesema kwamba angependa soko la mawe badala ya lile la mbao na mabati ana sababu nzito. Ingawa mawe nayo si kinga kamili. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975 na kusifiwa sana kwa paa lake la zege, liliteketea Julai 2021. Kwa hiyo hata sifa hii huja na swali lake: milango ya kutokea iko wapi, na je, haijazibwa kwa magunia ya viazi?

Malalamiko ndiyo yenye mafunzo zaidi, na la kwanza ni ngazi. Hapa inabidi kueleweka namna mwenye kipato kidogo anavyonunua chakula jijini. Hanunui cha wiki nzima. Hununua cha usiku huo: sukuma wiki ya shilingi ishirini, fungu moja la nyanya, kitunguu, mafuta ya kupima. Wenyewe huuita uchumi wa kadogo. Ununuzi huo hufanywa kwa dakika chache baina ya matatu na mlango wa nyumba, giza likiingia, watoto wakisubiri, na mara nyingine mvua ikinyemelea. Kumwambia mtu huyo apande orofa mbili kutafuta kitunguu cha shilingi kumi ni kumtaka alipe kwa muda na nguvu zaidi ya alicholipa kwa fedha. Kwa hesabu yake, hiyo ni hasara, na hesabu yake ni sahihi. Kiongozi anayeiita hesabu hiyo uvivu aghalabu ni mtu ambaye kitunguu humfikia kikiwa kimekwisha kukaangwa.

Ngazi hizo hizo huwa ukuta kwa mzee mwenye maumivu ya magoti na kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuvifikia ipasavyo vituo vyote. Lifti huonekana vizuri katika michoro. Lakini lifti isiyo na umeme, au iliyogeuzwa ya kupandishia magunia pekee, haitimizi matakwa ya kifungu hicho.

Lalama jingine ni nuru. Mnunuzi wa mitumba ni mchambuzi hodari. Hulishika vazi, huligeuza ndani nje, kisha huliinua juu kulielekeza kwenye jua ili aone doa, tundu na mchujuko wa rangi. Katika kibanda cha ndani kilichozungukwa na kuta tatu, chini ya taa moja hafifu, vazi jeusi na la samawati iliyokolea hufanana. Mtu hulipa, hufika nje, na ndipo anapokijua alichokinunua. Samaki, nyama na nyanya nazo zina habari ambayo jicho huipata mchana wa wazi tu. Ni ajabu kidogo kwamba jengo linalosifiwa kuwa la kisasa huweza kumpunguzia mnunuzi uwezo wa kuichunguza bidhaa, wakati Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo.

Zaidi ya hayo kuna mazungumzo. Soko la wazi lina ufasaha wake. Mwuzaji hutaja bei ambayo wote wawili wanajua kuwa si ya mwisho, mnunuzi hushangaa kwa sauti, mwuzaji humkaribisha aseme yake, hupatana, kisha hufuata nyongeza, nyanya moja au kitunguu kidogo juu ya fungu, ambayo ndiyo muhuri wa uhusiano. Mama mboga hukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi huku akiuliza habari za nyumbani, na siku fedha zikikosekana huandika deni kichwani. Gorogoro na fungu ni vipimo ambavyo huenda mkaguzi wa mizani asivipende, lakini vinamwezesha mwenye sarafu moja asiondoke mikono mitupu. Wanunuzi wengi huingia soko la ghorofa wakiwa na hofu kwamba mwenye kibanda, aliyebanwa na kodi, ada ya kila siku na gharama ya umeme, atabandika bei na kunyamaza. Hofu hii haithibitiki kila mahali, maana wapo wauzaji waliohamia na nyongeza zao. Hata hivyo ni hofu yenye msingi: kodi lazima ilipwe na mtu, na aliye mbele ya meza ndiye wa karibu.

Kwa upande mwingine, mnunuzi hana usafi wa malaika katika jambo hili. Yeye ndiye anayenunua ndizi katikati ya njia ya waendao kwa miguu, kisha hatua tatu mbele akalaani kwamba njia imezibwa. Hulia kwa uchafu wa soko kongwe, akajengewa jipya, asilikanyage. Kadiri anavyonunua barabarani ndivyo aliyekubali kupanda orofani na kulipa kodi anavyoonekana mjinga mbele ya mwenzake aliyebaki chini na kuuza bila kulipa. Mwishowe naye hushuka. Wenye mamlaka wanaposema kwamba mazoea ya mnunuzi yanafaa kubadilika, hawajakosea kabisa. Wanachokosea ni kudhani kwamba mazoea hayo hubadilishwa na rungu la kanjo.

Dar es Salaam ilikwisha kulipa ada ya somo hili. Jengo la Machinga Complex huko Ilala, lililokamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, lilikusudiwa kuwaondoa wamachinga barabarani. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, wenyewe wakisema wateja hawapandi. Nchini Kenya, mpango wa kuchangamsha uchumi uliozinduliwa mwaka 2009 uliahidi masoko ya mazao mabichi katika maeneobunge, na baadhi yake yaliota nyasi kabla ya kuuza kabichi moja. Fedha zilizozama humo ni za huyo huyo mnunuzi, ambaye hutozwa kodi katika unga, sabuni na nauli, aingie sokoni au asiingie.

Itasemwa kwamba siku hizi umma hushirikishwa. Ni kweli kuwa Katiba inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na kwamba Jedwali la Nne limeziachia kaunti shughuli za masoko. Lakini ushirikishwaji huo hufanyika wapi, lini na kwa lugha gani? Aghalabu mkutano huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati mnunuzi wa jioni yuko kiwandani au anafua nguo za watu. Wanaohudhuria ni wachuuzi, kwa kuwa wana kibanda cha kutetea. Tangazo lenyewe huchapishwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ilhali Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtu anayesoma bei iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao anatakiwa atoe maoni juu ya hati ambayo hata maneno kama kizimba, orofa na ada hayamo kwa lugha aijuayo. Kisha hunukuliwa kuwa hakuwa na pingamizi.

Na maoni yake, pindi anapoyatoa, hayapotei kwa kukosa uzito. Hupotea kwa kukosa tafsiri. Anaposema soko liko mbali, msanifu hupima mita na kuona kuwa ni karibu, maana hajui kuwa umbali unaokusudiwa ni wa kutoka steji na si wa kutoka barabara kuu. Anaposema bei ya ndani ni ya kubandikwa, mhasibu husikia habari za kibandiko. Hapa pana kazi ya kiisimu ambayo mhandisi hawezi kuifanya. Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wengi wao hupita Muthurwa wakienda na kurudi likizoni, na miongoni mwao wapo wanaoweza kuigeuza hati ya kurasa mbili kuwa Kiswahili kinachosomeka kwa usiku mmoja. Hati ya namna hiyo, ikibandikwa kwenye nguzo ya steji badala ya lango la ofisi, na mkutano ukaitishwa Jumamosi alasiri, itamkuta mnunuzi akiwa na kikapu mkononi, kabla msingi wa soko jingine haujachimbwa.