Tuinyamazie Inanga

Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa vizuri, basi mitumbwi ya Rumonge hupumzika na wavuvi hupata nafasi ya kusikiliza muziki. Usiku mmoja wa namna hiyo nilihudhuria tamasha karibu na ziwa. Ngoma zilipigwa, tukashangilia. Magitaa yakalia katika vipaza sauti, tukacheza. Kisha mzee mmoja akaketi na inanga yake. Watu wakaanza kuzungumza, na sisi vijana wa shule tukacheka, hata mimi.

Sasa naona haya. Ngoma ya kifalme ya Burundi hujitetea kwa kishindo chake, na mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini mpiga inanga huimba kwa kunong'ona, sauti yake ikifuatana na nyuzi. Asiponyamaziwa, hapana la kusikia wala la kujifunza.

Shauri langu ni hili: inanga itangulie, kabla vipaza sauti havijawashwa, na sisi wanafunzi tuwe wa kwanza kunyamaza. Wazee hawa wakifa bila warithi, hakuna tamasha litakalowarudisha. Mwacha mila ni mtumwa.