Nani Alisema Maji ni ya Watu wa Pwani?

Somo la kwanza la usalama analopewa mtoto wa Bungoma lina maneno mawili: usiende mtoni. Hakuna anayeongeza "mpaka ujue kuogelea". Hakuna anayesema "twende nikufundishe". Unakatazwa, unakua, unapata watoto, nawe unawakataza wako. Halafu mvua za Aprili zinakuja, mto unafura, kijana anateleza akivuka, na kijiji kizima kinasimama ukingoni kuangalia maji. Kati ya watu mia moja pale, huenda asipatikane hata mmoja anayeweza kuingia na kutoka salama.

Mimi nasema marufuku hiyo imeshindwa kazi. Tena nasema, wasee, mojawapo ya dawa zake ni kile kitu mnachokichekelea mkikiona Instagram: bodi ya kupiga kasia ukiwa umesimama. Chekeni basi, nangoja.

Mmemaliza? Tuanze na jiografia. Trans Nzoia, kaunti nzima, imebatizwa jina la mto. Maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Mto wenyewe unakusanya maji ya Cherangani na Mlima Elgon, unaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, kisha unateremka hadi Ziwa Victoria kupitia Budalang'i. Mashamba mengi yanayozunguka Kitale yana mabwawa. Kinamasi cha Saiwa kimetengwa kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye maji na matete. Yaani hata swala wetu anajua kuogelea, sisi hatujui. Halafu mtu anakwambia mambo ya maji ni ya watu wa Pwani.

Nimesikia pingamizi tatu, na zote nimezisikia zaidi ya mara moja.

Ya kwanza: huo ni mchezo wa wazungu. Wapi? Wenyeji wa Hawaii walikuwa wakisimama juu ya mbao baharini kabla meli ya Mzungu yeyote haijafika kwao. Ni kweli, aliyeueneza mchezo huu wa kasia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni Laird Hamilton, na Hamilton ni Mzungu, lakini alikulia Hawaii na aliukuta huko. Hapa kwetu, nenda Lamu ukamwone mzee amesimama kwenye mtumbwi akiusukuma kwa pondo, mgongo umenyooka, wala hajui kama anafanya "mchezo". Nenda Ziwa Baringo, Wailchamus wanavua samaki kwa vyombo vidogo vya miti myepesi ya ambachi, vyembamba kiasi kwamba wewe na mimi tungepinduka kabla ya kukaa. Kusimama ama kukaa juu ya kitu kinachoelea ni ujuzi wa zamani wa Afrika Mashariki. Kilicho kigeni ni plastiki tu.

Ya pili: ni mchezo wa matajiri. Hii ina ukweli ndani yake. Bodi mpya ni ghali, na mimi ni mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili na ninayelipwa kwa makala, tena makala ikilipwa. Kwa hivyo tulifanya kile watu wetu wamefanya tangu zamani wakitaka kitu kikubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja: chama. Watu watano, elfu sita kila mmoja, bodi ya mtumba na kasia lake. Bwawa ni la mwenye shamba mmoja nje ya Kitale, tuliyemwomba ruhusa kwa heshima na tunayemweleza kila tunapoingia na kutoka. Wangapi kati yenu wana simu inayozidi elfu thelathini? Basi pesa isiwe kisingizio cha kila kitu.

Ya tatu ndiyo nzito: ni hatari, maji yanaua. Kukhu wangu aliisema vizuri kuliko wote. "Mjukuu wangu, maji hayana tawi la kushika." Nikamjibu, "Ni kweli, Kukhu, ndiyo maana navaa jaketi." Hakucheka, na sikutarajia acheke. Amezika watu.

Lakini tuangalie nani anakufa na kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kanuni za usalama majini. Watu wa Pwani wana msemo: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi wa bara tumeamua tusiyafike kabisa, tukadhani kutojua ni ulinzi. Bodaboda zinaua pia, na hakuna anayemwambia mtoto asikaribie barabara maisha yake yote. Tunamshika mkono, tunamwambia angalia kulia, angalia kushoto. Mto haujawahi kupewa somo hilo.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, anza vizuri, kwa sababu mtu mmoja akifa kwenye bodi huku kwetu, mjadala umefungwa kwa miaka ishirini.

Kuogelea kwanza, bodi baadaye. Lipia bwawa la hoteli wiki kadhaa, ujifunze kuelea na kuvuka upana wake bila hofu. Jaketi la kuokoa maisha unavaa, hata kama rafiki zako wanakuita mtoto wa mama. Nzoia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, isahau. Na Nabuyole ni mahali pa kupiga picha ukiwa kwenye mwamba mkavu, basi. Mwanafunzi anataka maji yaliyotulia. Usiende peke yako. Upepo ukiwepo, anza kwa kuukabili, ili ukichoka ukusaidie kurudi. Piga magoti kwanza, uzoee mtikisiko, kisha simama katikati, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, macho mbele. Ukitazama miguu yako, utaifuata majini. Bapa la kasia linainamia mbele; wengi hulishika kinyume na kushangaa mbona wanachoka. Ukianguka, anguka mbali na bodi. Kamba inayokuunganisha nayo funga mguuni kwenye bwawa. Kwenye maji yanayotembea inatakiwa ya kiunoni inayofunguka kwa kuvuta mara moja, maana kamba ya mguuni ikinasa kwenye kisiki mtoni inaweza kukuzamisha.

Na kichocho msikidharau, hasa mkienda kujaribu Kisumu. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa maji matulivu ya kando na hupenya ngozi kwa dakika chache. Usikae ukichezesha miguu kwenye majani ya ukingoni, jikaushe ukitoka, na nenda hospitali upimwe. Dawa ipo.

Sasa utunzaji, na hapa ndipo chama huvunjika. Kitu cha watu watano hufa haraka kuliko cha mtu mmoja, kwa sababu kila mtu anangoja mwingine akioshe. Bodi nyingi za wanaoanza ni za kujazwa upepo. Ndani yake kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikilia tabaka la juu na la chini, ndiyo maana hujaa zikawa ngumu kama ubao. Kipimo chake huandikwa karibu na valvu, mara nyingi kati ya PSI 12 na 15. Tumia pampu yake yenye kipimo. Usiipeleke kwa kompresa ya kujazia matairi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari: asubuhi baridi, saa saba jua halina huruma. Bodi uliyoijaza saa mbili asubuhi ikiachwa ukingoni hadi mchana, hewa ndani inapata joto, inatanuka, na maungio yanaachia. Ukitoka majini, ipeleke kivulini au punguza upepo kidogo.

Ioshe kwa maji safi, toa mchanga kwenye valvu, na usiikunje ikiwa na unyevu, itaota ukungu. Ikivuja, paka povu la sabuni utafute mapovu, kama fundi wa pancha anavyofanya. Lakini usimwachie fundi wa pancha atumie gundi yake ya mpira. Bodi ni ya PVC na inataka gundi ya PVC, kiraka cha PVC, sehemu ikaushwe na kusuguliwa kidogo, kisha iachwe siku nzima kabla ya kujazwa. Na tafadhali, huku ni nchi ya mahindi: usiiweke kwenye stoo ya mahindi. Panya hawajali mlichangishana pesa ngapi.

Sisi tuna daftari. Aliyeitumia mwisho anaandika jina, hali ya bodi, kama imekauka. Ni utaratibu mdogo tu, lakini tangu tuanze hatujagombana, na hayo ni mengi kuliko ninayoweza kusema kuhusu vyama vingi vya pesa.

Lakini bodi moja ya vijana watano haiokoi kaunti. Mtaala wa CBC umeweka kuogelea kwenye michezo ya watoto. Sawa, wataogelea wapi? Mabwawa mengi ya kuogelea katika miji yetu yako ndani ya hoteli na klabu, mlangoni kuna mlinzi na bei. Ninachotaka kutoka Kitale na Bungoma hakihitaji semina: bwawa moja la umma kila kaunti, mwalimu na mwokoaji wanaolipwa mshahara, siku moja kwa wiki ya watoto wa shule za msingi bila malipo. Likipatikana, bodi zitajileta zenyewe.

Na mpaka siku hiyo, wewe unayejua kuogelea na unayesoma hii ukiwa umelala kitandani, una deni. Mtafute binamu mmoja, mfundishe kuelea. Ukikataa, basi siku mto ukifura na watu mia wakisimama ukingoni, usiseme ilikuwa mapenzi ya Mungu. Mungu alitupa mto. Marufuku tuliiandika wenyewe.