Mlango wa Wakati Tunao

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri maandishi yanayopita chini ya picha katika tamthilia moja ya televisheni, ya zile zinazoitwa hadithi za kisayansi. Ndani yake watu huingia katika tundu lenye mwanga wakatokea karne nyingine. Neno la Kiingereza la tundu hilo nililifasiri kwa maneno matatu: mlango wa wakati. Kazi iliporejeshwa, maneno yangu yalikuwa yamefutwa kila yalipo, na pahala pake pamewekwa "potali". Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba Kiswahili hakina dhana hiyo, na kwamba heri neno liachwe lilivyo ili mtazamaji ajue kuwa kitu chenyewe ni cha kigeni.

Sikugombana. Nilipokea ujira wangu nikarudi zangu Tukuyu. Lakini jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo naomba nafasi katika kurasa hizi niuteme. Sina ugomvi na neno la kukopa. Lugha yetu imekopa tangu jahazi la kwanza lilipotia nanga, na haikufilisika. Ugomvi wangu ni na ile sababu. Kusema kwamba Kiswahili hakina dhana ya mlango wa wakati ni kusema kwamba wasemaji wake wamefungiwa ndani ya leo, na kwamba safari ya kwenda jana na kesho ni ya watu wengine, sisi tukiwa watazamaji tu.

Rai hii ina nasaba ya kisomi. Mwaka 1969 marehemu John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alidai humo kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, wakati uliopita ulio mrefu na wakati uliopo, na kwamba wakati ujao, ukishapita mambo ya karibu, ni kama haupo. Pande hizo mbili akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Namheshimu Mbiti, na wengi tumesoma kwake. Ila ushahidi wake wa vitenzi aliutoa katika Kikamba na Kikuyu, kisha akauvika kanzu ya Kiswahili. Laiti angekiuliza Kiswahili chenyewe, kingemhesabia: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Atakayesema siku nne si karne, nitamuuliza ni lugha ngapi za hao wenye potali zilizo na jina la siku ya nne kutoka leo.

Tena wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa na mtu wa bara, aliyelelewa kwenye kengele ya Wamoravian, kisa cha Watu wa Pangoni. Vijana waliokimbia dhuluma waliingia pangoni wakalala miaka 300 na kuzidi 9, na walipoamka wakadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Mmoja wao akatumwa mjini na fedha kununua chakula, na wafasiri husimulia kwamba ile sarafu yake ya kale ndiyo iliyomfichua. Kisa hicho kimesomwa madrasani katika pwani hii karne kwa karne, kabla ya televisheni na kabla ya umeme. Je, lile si lango la wakati? Na kama ndilo, nani aliyetuthibitishia kwamba hatuna dhana?

Tuzitazame basi potali zenyewe. Mwaka 1966 Wamarekani walionyesha The Time Tunnel, na wanasayansi wake wawili walipotumbukia mara ya kwanza waliangukia ndani ya Titanic ya mwaka 1912. Katika Outlander mwuguzi wa Kiingereza hupita kwenye mawe ya kale baada ya Vita Vikuu vya Pili akatokea Uskoti ya mwaka 1743. Katika Dark, tamthilia ya Kijerumani iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2017 na 2020, pango lililo karibu na mtambo wa nyuklia huunganisha miaka 2019, 1986 na 1953. Sizibezi kazi hizi. Hiyo ya Wajerumani khasa nimeitazama mara mbili, na mara ya pili nikiwa na daftari. Lakini angalieni milango yenyewe inafungukia wapi. Hufungukia pale ambapo mwenye mlango ana kumbukumbu zake, makaburi yake yenye majina na picha za babu zake ukutani. Hakuna anayeanguka akajikuta Rungwe mwaka 1891, mwaka walioingia wamisionari wa Berlin na wa Moravian, akamuuliza mwenye shamba la migomba anawaonaje wageni hawa.

Kuna na sheria ya milango hiyo, nayo ndiyo inayonikera zaidi. Sheria ni kwamba usiguse kitu. Mwaka 1967 Star Trek ilionyesha lango la wakati lililo kama pete kubwa ya jiwe. Daktari wa chombo akaruka ndani, akamwokoa mwanamke mwema katika New York ya mwaka 1930, na kwa kuokoka kwake dunia nzima ikaharibika, kwa kuwa harakati zake za amani zilichelewesha Marekani kuingia vitani na Wanazi wakashinda. Basi nahodha, aliyekwisha kumpenda mwanamke huyo, hulazimika kumzuia daktari asimwokoe, ili historia irudi ilivyokuwa. Ni hadithi nzito, na katika mkasa ule sheria ile ni ya haki. Lakini ikishakuwa kanuni ya kila mlango, humfaa aliyeshinda. Mtu wa Rungwe akitokea katika miaka ya 1890, wakati upinzani wa wazee wetu ulipokuwa ukizimwa kwa bunduki za Wajerumani, aambiwe nini? Akunje mikono, kwa kuwa yaliyotokea ndiyo yaliyopasa kutokea? Hadithi inayotufundisha kuilinda historia kama ilivyokwenda, bila ya kuuliza ilikwenda kwa heri ya nani, si mchezo wa watoto hata kidogo.

Mlango wetu una desturi nyingine. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akaandika kwa urefu, baada ya mumewe kufariki, juu ya abasyuka, wale waliotutangulia. Aliyoyaandika si mageni kwa mtu yeyote aliyekulia huku. Waliokufa hawakai kwao wakingoja kutembelewa. Wao ndio wanaokuja. Ndugu wakiwekeana kinyongo, waliotangulia huudhika, na tiba yake ni watu kukutana na kuitoa hasira kwa mdomo, kila mtu aseme lililo moyoni. Mlango umo, lakini hufunguliwa upande wa pili. Si mimi ninayekwenda jana kama mtalii. Jana ndiyo inayobisha hodi kwangu na kudai hesabu. Said Ahmed Mohamed alilijua hilo alipoandika Babu Alipofufuka, riwaya iliyotoka mwaka 2001, ambamo babu hurudi kutoka wafu kumkabili mjukuu wake mkubwa wa nchi. Hakuna tundu lenye mwanga humo, wala hakuna aliyesema kwamba Kiswahili kilimshinda.

Wala sayansi haiko mbali. Kusini-mashariki ya Tukuyu lipo ziwa la Masoko, dogo, la mviringo, lililokaa katika mdomo wa volkano. Wanasayansi walitoboa tope la chini yake wakatoa vigogo vyembamba vya udongo, tabaka juu ya tabaka, vyenye kumbukumbu ya miaka zaidi ya 40,000: miaka ya mvua, miaka ya ukame, majivu ya milima iliyolipuka. Kando ya ziwa hilo hilo kuna jengo la mawe la zama za Wajerumani, na wenyeji husimulia kwamba wakati wa vita wenye jengo walitupa mali majini, na kwamba sarafu zao huonekana ufukoni mara kwa mara. Waingereza waliiteka Tukuyu mwaka 1916, ikiitwa bado Neu Langenburg. Mwandishi wa tamthilia anataka nini zaidi ya hapo? Ana shimo, ana maji, ana miaka elfu arobaini, na ana sarafu ya kumfichua msafiri, kama ilivyomfichua yule kijana wa pangoni.

Na sarafu hiyo haiko ziwani tu. Kuanzia mwaka 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa katika heller 100. Dola ile imekwisha zaidi ya miaka mia, lakini mama anayeuza ndizi sokoni Tukuyu bado anakuuliza kama unayo hela. Anatamka jina la sarafu ya Kaisari, naye hana habari. Kila siku jana inapita kinywani mwetu namna hiyo, halafu tunaambiwa lugha hii haina pa kupitia.

Ama neno "mlango" lenyewe, ninyi wa visiwani mnalijua kuliko mimi. Mlango ni ule wenye miimo na mfaa, ulionakshiwa. Mlango ni mkondo wa bahari baina ya nchi na nchi. Mlango ni ukoo pia: huulizwa mtu ametoka mlango gani, naye hujibu kwa majina ya babu zake. Neno moja linabeba nyumba, safari na nasaba. Nitafutieni katika Kiingereza neno linalostahili zaidi kutumika kwa kitu kinachompeleka mtu kwa wahenga wake, au kinachowaleta wahenga kwake. Nami niliambiwa nilifute, niweke "potali", ambayo haina babu wala bahari.

Wafasiri wenzangu, hatari haiko katika neno moja. Kijana wa Rungwe anayetazama milango hiyo usiku baada ya usiku atajifunza kwamba jana yenye thamani ya kutembelewa iko Uskoti na New York, na kwamba yake ni tope. Nasi tutakuwa tumemsaidia kuamini hivyo, kwa kumwekea neno la kigeni pale tulipokuwa na letu. Waandishi nao waache kungoja. Masoko iko pale, haina kiingilio cha lugha ya mtu.

Kazi ile ikinirudia, nitaandika tena mlango wa wakati, na anayetaka kufuta na afute. Mwiba nimeutema. Mwenye jibu na ajibu. Kurasa ni hizi.