Kanzu Hupimwa, Baiskeli Je?

Hapana mtu katika mji wetu huu atakayekubali kuvaa siku ya Idi kanzu iliyokatwa kwa vipimo vya jirani yake. Mshoni humzungushia utepe shingoni, humpima mabega, humpima mkono hadi kwenye kifundo, kisha humwuliza urefu aupendao, na hata hapo humwita aje kuijaribu kabla ya kupinda. Lakini mtu huyo huyo akinunua baiskeli, ambayo ataikalia saa mbili au tatu kila siku akiisukuma kwa magoti yake mwenyewe, huichukua vile ilivyo, kiti kikiwa pale kilipowekwa na aliyeitoa kwenye boksi. Goti likianza kuuma, husema ni umri.

Tumeulizwa na wasomaji wetu zaidi ya mara moja, na wengi wao ni akina mama, iwapo yafaa kumlipa fundi wa baiskeli kwa kazi isiyobadilisha hata nati moja: baiskeli ni nzima, breki zinashika, mnyororo una mafuta, na anachokifanya fundi ni kumpima mpandaji na kuilazimisha baiskeli iufuate mwili wake. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliposikia habari hiyo alicheka, akasema yeye amepanda Raleigh tangu ujana wake na hakuna aliyempima. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kila akishuka hujishika kiuno. Sisi twaona yafaa, ila kwa sharti kwamba fundi mwenyewe awe ni wa kupima kweli.

Huko Ulaya na Marekani kazi hii imekuwa taaluma yenye vyumba vyake. Mpandaji hukaa juu ya baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, hubandikwa vitambuzi kwenye kiwiko, nyonga, goti na kifundo cha mguu, na kamera huonyesha pembe za viungo vyake akizungusha pedeli. Katika duka dogo la kwetu, lenye mlango mmoja na matairi yaliyoning'inizwa ukutani, fundi ana utepe, timazi na pima maji, vyombo vile vile vya mwashi. Tusividharau. Kinachotafutwa ni kile kile, na timazi haina umeme wa kukatika.

Tulimtazama fundi mmoja wa Majengo akimpima muuza mkate anayetoka Kisauni alfajiri na kreti zake nyuma, na kurudi karibu na adhuhuri. Goti la kulia lilikuwa likimwuma kwa mbele, chini kidogo ya pia. Fundi hakushika spana. Alianza kwa maswali: huendesha saa ngapi, hubeba uzito gani, amewahi kuvunjika mfupa? "Na goti hili, ndugu yangu, lakuuma ukiwa wapanda daraja la Nyali au ukiwa wateremka?" Muuza mkate akajibu kwamba ni akipanda, na usiku akitaka kugeuka kitandani. Ndipo fundi akamwambia aende hadi mwisho wa kichochoro na arudi, naye akasimama nyuma akizitazama nyonga zake na jinsi magoti yanavyopanda na kushuka. Fundi asiyeuliza wala kutazama, bali huinua kiti kwa makisio na kunyosha mkono apewe chake, huyo si mpimaji.

Kiti cha muuza mkate kilikuwa chini mno. Hili ndilo tatizo la wapandaji wengi wa kwetu, na sababu yake yaeleweka: katikati ya matatu na tuktuk mtu hupenda kukaa kitini na nyayo zake mbili zikafika chini. Lakini mguu uliokunjika kupita kiasi huikandamiza pia ya goti juu ya mfupa wa paja katika kila mzunguko, na mwenye kuzungusha mara 60 kwa dakika huwa amefanya hivyo mara 3,600 kwa saa moja, kwa kila goti. Kwa mtu ambaye goti lake ndilo duka lake, hesabu hiyo hufika hadi jikoni.

Kipimo cha kwanza kila nyumba yaweza kukijaribu. Mpandaji hukaa kitini akijiegemeza ukutani, huweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu hutakiwa unyooke bila ya nyonga kuinama upande. Kisha akiweka ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, ambayo ndiyo ya kuendeshea, goti litabaki na mkunjo mdogo. Wapimaji wa kitaalamu huutafuta mkunjo wa baina ya nyuzi 25 na 35 kutoka kwenye mguu ulionyooka. Wengine hutumia hesabu: urefu wa mguu kwa ndani, toka msambani hadi sakafuni bila ya viatu, huzidishwa kwa 0.883, na jawabu huwa ndio umbali wa kutoka kitovu kinachozungukwa na mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Aliyeieneza hesabu hii ni Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France katika 1986, 1989 na 1990. Muuza mkate alipimwa mguu ukawa sentimita 80, kwa hiyo kiti chake kilitakiwa kikae kwenye 70.6. Kilikuwa kwenye 65.

Fundi hakukiinua chote kwa mara moja. Alipandisha sentimita mbili, akamwambia aendeshe juma zima kisha arudi. Mwili uliozoea vibaya, alisema, ukinyooshwa ghafula huhamisha maumivu tu. Na alisema kweli, kwani kiti kikizidi kuwa juu, goti huanza kuuma kwa nyuma na nyonga hucheza kulia na kushoto mtu akizitafuta pedeli.

Baada ya urefu huja kukisogeza kiti mbele au nyuma. Mikono ya pedeli ikiwa imelala sawa na ardhi, fundi huushika uzi wa timazi chini ya pia ya goti la mbele, na mahali pa kuangukia uzito wake ni katikati ya pedeli. Kanuni hii ni mashuhuri, nayo imebishiwa: mtengenezaji wa baiskeli wa Kimarekani, Keith Bontrager, aliandika makala nzima kuipinga, akisema kwamba uzi ulioning'inia hauna uhusiano wa lazima na nguvu za mguu. Fundi wetu hajamsoma Bontrager, lakini alisema neno lililo karibu na hilo: timazi humpa pa kuanzia, kisha humwuliza mwenye goti.

Pima maji huwekwa juu ya kiti. Ncha ya kiti ikitazama juu huubana msamba, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, na mtu hushuka akiwa na ganzi. Wanaume wengi hawalisemi jambo hili kwa haya, hata kwa wake zao. Sisi twalitaja kwa sababu ukurasa huu husomwa na nyumba nzima, na haya haijapata kuondoa ganzi. Ncha ikiinama chini mno, mwili huteleza mbele na uzito huangukia viganja, na kidole cha mwisho pamoja na cha pete hufa ganzi. Wengi hubadilisha mipira ya usukani na kununua glavu, na ilhali dawa ilikuwa ni kulegeza nati moja iliyo chini ya kiti.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya wanagenzi. Mbelgiji Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara 5, alianguka vibaya mjini Blois, Ufaransa, Septemba 1969, katika mashindano ya uwanjani ambamo dereva wa chombo cha moto aliyekuwa akimtangulia alifariki. Nyonga ya Merckx haikukaa sawa tena, na kwa miaka yake iliyobaki alijulikana kwa kukipandisha na kukishusha kiti chake mara kwa mara, hata mashindano yakiendelea.

Si kila baiskeli itakubali kupimwa. Zile nzito nyeusi tuziitazo Black Mamba zina fremu ndefu, na mtu mfupi aliyenunua moja hataokolewa na spana yoyote. Kiti chaweza kushuka, chuma cha katikati hakishuki. Kupandisha nako kuna mpaka wake. Nguzo ya kiti ina mstari uliochongwa kuonyesha mwisho wa kuinuliwa, na shina la usukani lina wake. Ukiuona mstari huo uko nje, baiskeli hiyo yaweza kukatika mpandaji akiwa juu yake. Fundi mwaminifu atakwambia kwamba fremu haikufai, ingawa kwa neno hilo anajikosesha kazi.

Na hapa twawageukia wazazi, kwani ndipo penye hatari kubwa. Mtoto wa miaka minane hununuliwa baiskeli ya kaka yake wa miaka kumi na miwili kwa hoja ya kwamba "atakua". Kiatu kikubwa humfanya mtoto atembee kwa kuburuta. Baiskeli kubwa humfanya ashindwe kusimama mbele ya lori. Mtoto akisimama na kuikita baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili ziwe chini na nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki baina yake na chuma cha juu. Kisha vidole vyake vitazamwe vikishika breki. Mikono ya breki nyingi ina skurubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani, na fundi huikaza kwa dakika moja. Wazazi wengi hawajui kwamba ipo. Anayengoja mwanawe akue ndipo afikie breki amepanga mambo kinyume.

Kwa mabinti na mama zao, fremu isiyo na chuma cha juu, ile iliyobuniwa zamani kwa ajili ya wavaaji wa gauni refu, ndiyo inayofaa zaidi, pamoja na kifuniko kizima cha mnyororo na wavu juu ya gurudumu la nyuma ili buibui lisinaswe. Apimwe akiwa na vazi lile lile atakaloendeshea. Na kama duka halina pa stara pa kumpimia, mguu aupime mama yake nyumbani, kitabu kikiwa kimekitwa ukutani na utepe ukifika sakafuni, ampelekee fundi namba tu.

Limebaki suala la ujira, ambalo ndilo lililozua maswali. Desturi yetu ni kumlipa fundi kwa kile alichokifunga: tyubu, spoki, pedeli. Akikaa nawe saa nzima akipima na kutazama, kisha akakaza nati mbili zilizokuwapo tangu awali, twaona kama hakufanya kitu, tukamwachia ya chai. Mtindo huu ndio unaowafanya mafundi wetu wauze vipuri visivyohitajika, maana ndivyo vinavyolipwa. Wenye maduka madogo hawawezi kushindana kwa bei na maduka makubwa yaletayo baiskeli kwa makontena. Walicho nacho ni mkono na jicho. Basi mpatane kabla ya kazi kuanza, kiwe ni kiasi kinachojulikana, na ndani yake iwemo ruhusa ya kurudi mara moja au mbili bila ya malipo mapya.

Nyumba inayotumia baiskeli moja kwa watu wawili, kama zilivyo nyingi, imwombe fundi akwaruze alama mbili kwenye nguzo ya kiti, ya baba na ya kijana wake, na spana yake ifungwe kwa kamba chini ya kiti. Siku ya kupimwa njooni na viatu vile vile vya kila siku, na mwenye kubeba mzigo aje nao, kwa sababu kreti tupu na kreti iliyojaa mkate hazimkalishi mtu namna moja. Muuza mkate amekwisha kurudi mara mbili. Kiti sasa kiko kwenye 69, goti humwuma siku za mzigo mkubwa tu, na fundi amemwambia asubiri juma jingine kabla ya kukigusa tena.