Mstari Mmoja wa Saa Nane Usiku
Jumatatu, nje ya benki moja mjini, nilimkuta mama ameshika taarifa ya akaunti yake, kidole hakibanduki kwenye mstari mmoja: laki nne zimetolewa kwenye ATM saa nane usiku. “Mwanangu, saa hizo nimelala, na kadi hii hapa,” aliniambia. Dirishani alijibiwa kwamba kompyuta haikosei. Niliumia, maana mashine husema ilichoandikiwa, haisemi nani kaibonyeza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, haimtaki hakimu aamini tu kilichochapwa. Inamtaka apime kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijaguswa. Na picha za kamera, kumbukumbu za ndani ya mashine, hesabu ya noti zilizobaki, vyote viko kwa benki, na picha hufutwa baada ya muda. Mwenye funguo za ghala ndiye wa kueleza mahindi yalikokwenda. Benki isiyoleta hayo mahakamani haijathibitisha kitu. Imrudishie mama pesa zake. Tuliandika barua palepale kuomba picha zihifadhiwe, akarudi ndani kudai nakala yake igongwe muhuri.